Lodio Hampiti Vincent

Jecinta Nakolong alizaa watoto wawili tu, na wote wawili wamemchosha. Wenzake pale soko la mifugo la Isiolo wanajisifia wana walimu na makarani. Yeye anauza supu ya mbuzi huku watu wakimwuliza, "Mama Vincent, wale vijana wako wa kukimbiza magari bado wako hai?" Wako hai, ndiyo. Lakini wangempa pumziko hata siku moja angeshukuru.

Udereva waliuanzia kwenye pikapu za miraa, wakikanyaga mafuta ili mzigo ufike kabla haujanyauka. Vincent, mkubwa, akaonwa na timu moja ya mbio za magari ya Nairobi, ikamwajiri. Mwaka uliofuata Irungu, mwenye duka la vipuri hapa mjini, akanunua gari la mbio na kumwajiri Lodio. Sasa wote wanalipwa mshahara kwa kosa lile lile ambalo polisi walikuwa wakiwakamatia.

Halafu Lodio akafanya ujinga. Katika mbio hizo magari huachiliwa moja moja, na ukimfikia aliye mbele unampita. Mwezi wa tatu, upande wa Kipsing, Lodio alimfikia Vincent akijikokota na tairi lililopasuka. Hakumpita. Alikaa nyuma yake akala vumbi kilomita kumi na mbili, mpaka mwisho.

Irungu alifika kibandani kwa Jecinta kwa hasira. "Mama, akirudia Jumamosi hii, simtaki tena. Na usije kuniomba."

Jecinta akampigia Lodio simu. "Wewe una akili kweli? Kwa nini hukupita?"

"Hakuniita, mama."

"Nani hakukuita?"

"Vincent. Si ni wewe ulisema?"

Jecinta akaketi juu ya ndoo. Haki ya Mungu, ni kweli aliwahi kusema. Miaka ile wakichunga Kipsing, Lodio alisukuma mbuzi wake kisimani kabla ya zamu yake, na mbuzi mmoja wa Vincent akatumbukia akafa. Jecinta alimchapa mpaka fimbo ikavunjika. "Usimpite ndugu yako mkubwa mpaka yeye mwenyewe amalize kunywesha, akuite, aseme 'Leta!'" Lakini hao walikuwa mbuzi, jameni! Mtu wa miaka ishirini na saba, na ndevu zake!

Akampigia Vincent. "Mwambie tu 'Leta', mwanangu. Neno moja."

"Mama, hii ni kazi. Nimwite anipite, halafu mwajiri wangu asikie? Macho anayo. Apite."

"Atafutwa!"

"Shauri yake."

Jecinta alikata simu, akasonya mpaka wateja wakageuka. Hakutaka wajue kwamba alikuwa na hofu. Lodio akifutwa angerudi kwenye pikapu za miraa, na mwaka jana tu pikapu hizo zilizika vijana watatu wa mtaa wao.

Jumamosi alifunga kibanda, akapanda boda boda hadi Leparua, akasimama pale barabara inapovuka mto mkavu. Magari kadhaa yakapita. Kisha akaja Vincent, injini ikikohoa, na nyuma yake kabisa, katikati ya vumbi, Lodio.

"Pita, mjinga wewe!" Jecinta akapiga kelele, akarusha sandali. "Pita!"

Sandali iligonga kioo cha Vincent. Gari likapunguza mwendo, likatoka barabarani, likasimama; nyuma yake Lodio naye akafunga breki. Vincent akashuka na helmeti yake, akamtazama mamake amebaki na sandali moja. Kisha akageukia vumbi, akainua mkono na kuuzungusha kama zamani kisimani.

"Leta, Lodio! Leta!"

Lodio akapita kwa kishindo. Gari la Vincent halikuwaka tena siku hiyo.

Jioni wote wawili walikuja kibandani. Irungu alikuwa ameshapita kusema kazi ya Lodio ipo. Jecinta akamimina supu, na kwa makusudi akampa Lodio kwanza. Lodio akakishika kikombe asinywe, akimtazama ndugu yake.

"Kunywa!"

Lodio hakukiinua.

"Vincent, mwambie huyu mtu anywe kabla sijawamwagia nyinyi wote!" Jecinta alifoka, na machozi yakamtoka bila kuyaruhusu.

Vincent alikuwa akingoja simu ya mwajiri wake tangu mchana. Akaigeuza kifudifudi mezani.

"Leta," alisema.

Lodio akanywa.