Siku Nilipouchoma Mkono Wangu Timboroa Bila Kuhisi

Kabla ya ajali hii sikuwa mtu wa kukaa nyumbani. Nilizaliwa Nakuru, baba yangu akifanya kazi ya reli, na nilikua nikimsikia akitaja majina ya stesheni kwa mapenzi. Jina nililolipenda zaidi ni Timboroa, huko juu kwenye baridi. Nilipomaliza kidato cha nne nikawa dereva wa lori, kisha nikafungua duka la vipuri hapa Lanet, pembeni mwa Nakuru, lakini kila Jumamosi miguu iliniwasha. Nilikuwa na pikipiki kubwa ya safari, yenye tairi za matope na masanduku pembeni. Mke wangu, Mama Brian, aliniuliza mara nyingi, "Unaenda kutafuta nini?" Nilikuwa naenda tu.

Ilikuwa Julai. Niliondoka na Kiprono, rafiki yangu wa miaka mingi, kila mtu na pikipiki yake, tukielekea Eldoret. Nakuru kulikuwa na jua, kwa hivyo nikaacha glavu nzito nyumbani, nikavaa zile nyembamba za nailoni. Salgaa tukasimama kunywa chai. Mama aliyetuuzia akatazama mikono yangu, akacheka.

"Boss, na hizo soksi za mikono unaenda wapi?"

"Eldoret, mathe."

"Wanaotoka huko juu leo wanafika wamelowa. Ngojeni kidogo."

Kiprono alitaka tungoje. Nikamwambia wazee wetu walijenga reli huko bila glavu. Akacheka, akawasha pikipiki. Maneno hayo nayajutia mpaka leo.

Tulipopita Mau Summit ukungu ulishuka. Ikaja mvua, na karibu na Timboroa ikageuka kuwa ya mawe. Barabara ikawa nyeupe. Vidole viliuma sana, halafu maumivu yakaisha. Nilifurahi, nikidhani nimezoea, kumbe vimekufa ganzi. Nilipotaka kufunga breki havikukunjika. Nilisimama kwa breki ya mguu.

Hapo nikafanya jambo ambalo sisi waendeshaji hufanya asubuhi za baridi: nikaweka mikono kwenye injini. Kwa kuwa sikuhisi joto lolote, wa kulia nikausogeza mpaka kwenye ekzosi, bomba la moshi. Nikakaa hivyo, nimeinama, nikisubiri joto lifike.

"Mzee, unachoma nini?" Kiprono aliuliza. "Nasikia harufu ya nyama."

"Nyama gani huku?"

Akaangalia, akanivuta bega kwa nguvu. Glavu ilikuwa imeyeyuka na kushikana na ngozi. Ilipochanika, kiganja kilionekana cheupe kama nta. Bado hakikuuma.

Maumivu yalinipata ndani ya pikapu tuliyoisimamisha, iliyotubeba na pikipiki zetu kurudi Nakuru, mwili ulipoanza kupata joto. Nililia mbele ya watu nisiowajua. Hospitalini daktari alibandua nailoni kipande kwa kipande.

"Utalala hapa," akasema. "Kidonda kimeenda ndani."

Nikakataa. Niliona haya kulazwa kwa mkono niliouchoma mwenyewe. Nikarudi nyumbani na, kwa ushauri wa jirani, nikapaka dawa ya meno. Baada ya siku chache usaha ulitoka na homa ikapanda. Mama Brian alifungua bandeji, akaziba pua kwa leso.

"Baba Brian, mkono unaoza. Simama twende."

Daktari yuleyule hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema, "Vidole viwili vimekufa. Tukiviacha, utapoteza mkono." Wakakata cha shahada na cha kati, wakatoa ngozi pajani kuziba kiganja. Kwa muda mrefu mke wangu alinifunga vifungo vya shati. Nilipoambiwa nifanye mazoezi ya kukunja vidole, alinipa unga wa chapati. "Kanda," alisema, "na leo usinipikie mawe."

Mkono ulipopona nilijaribu pikipiki kwenye njia ya mtaani kwetu, nikifunga breki kwa vidole viwili vidogo vilivyobaki. Ilisimama, lakini mbali na pale nilipotaka. Nikashuka, nikampa Kiprono ufunguo. Akaiendesha mpaka kwake.

Wewe unayepanda mlima kwenye baridi, vidole vikiacha kuuma usifurahi. Simama. Vitie kwapani, ndani ya nguo, usivipeleke kwenye kitu cha moto. Ukiambiwa ulale hospitali, lala.

Namshukuru Mungu, daktari na mke wangu, kwa sababu mkono ninao. Kanisani nasalimia watu kwa huo huo. Wengine hushtuka na kuuachia haraka. Wanaouliza nawaeleza yote, hata yale ya aibu. Vidole vyangu havirudi, lakini anayenisikiliza bado anavyo vyake.