Kundi la Mtu Mmoja

Saa nne asubuhi, mume na mke wanagombana chumbani. Mke analalamika, mume anafoka, mlango unabamizwa. Kumbe ndani yuko mtu mmoja tu, amekalia ndoo mbele ya kipaza sauti, na mlango anaoubamiza ni wa kabati la vyombo.

Mtaani wanamwita Kundi, na jina limemkaa. Anaigiza, anatunga nyimbo, anachora mapazia ya jukwaani na kushona mavazi. Katika mchezo wake wa redio, sauti zote kumi na mbili ni zake, mpaka ya mbuzi.

Mwaka jana majirani walichoka na ugomvi huo, wakaja kusuluhisha. Mmoja akaomba shemeji naye atoke asikilizwe. Ikabidi Kundi aeleze kwamba shemeji alishaondoka zamani. Walicheka wakashika mbavu. Naye alicheka, kisha akafunga mlango na kukaa chini, hana hamu ya kitu.

Mkewe, mwigizaji mwenzake, ndiye mwenye sauti ile ya mke ambayo Kundi anaiiga. Siku ya kuondoka alimwambia nyumba imejaa watu na hakuna hata mmoja wa kuzungumza naye. Kundi akaona maneno hayo ni matamu. Akayatia kwenye mchezo.

Mke aliyasikia redioni, kwa sauti yake mwenyewe, kinywani mwa mumewe. Akapiga simu.

“Naondoka nalia, wewe unachukua mistari,” alimwambia, akakata.

Kundi anasimulia huku akikunja waya wa kipaza sauti, akiukunjua, akiukunja tena. Majuto ni mjukuu, anasema. Upweke wake haukatiki: jioni akinyamaza yeye, nyumba nzima imenyamaza.

Sasa anaandaa mchezo wa jukwaani wa watu wawili. Mwenye ukumbi anamtaka acheze pande zote mbili, kama kawaida yake. Amekataa, ingawa hana kazi nyingine msimu huu. Amemwalika mkewe aje acheze naye, jibu bado.

“Sehemu yake sijaiandika hata neno,” anasema. “Aje aseme ya kwake, nami nisikilize mbele za watu.”

Na asipokuja?

“Nitamuuliza swali langu palepale jukwaani, halafu nitakaa kimya. Kumjibia, sitamjibia tena.”