Koti la Supavaiza Atakayekuja

Mkasi wetu mkubwa ulikuwa ukisema krrr, halafu tok. Krrr ni pale unapoufungua kidogo na kuusukuma tu, bila kuutafunisha, nao unakimbia ndani ya kitambaa kama mtu anayejua njia ya kwao. Tok ni pale unapogonga ukingo wa meza. Nilianza kazi hiyo mwezi uliofuata matokeo yangu ya kidato cha nne, matokeo ambayo sitayaeleza hapa kwa sababu hata mwenye duka hakuyauliza. Aliniuliza kama naweza kukata mstari ulionyooka. Nikasema sijawahi kujaribu. Akasema basi sijawahi kushindwa, akanipa mkasi.

Lilikuwa duka la sare za shule katikati ya mji wa Nyeri. Mbele kulikuwa na kaunta, katikati cherehani tatu, na nyuma kabisa meza yangu ya kukatia, karibu na choo. Sote tulivaa dastikoti za buluu, yale makoti mepesi ya kazi, isipokuwa supavaiza. Yake ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, ili mzazi mwenye hasira ajue amwendee nani.

Mwenye duka tulimwita Bosi. Babu yake alitoka India, yeye alizaliwa hapa hapa, na Kikuyu chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi niliyekulia Wang'uru, ambako tunajua zaidi habari za mchele. Wiki yangu ya kwanza alinifundisha jambo moja. Ukishapima mita za mteja, kabla ya kukata, unalaza vidole vinne juu ya kitambaa na kuongeza upana huo.

"Kitambaa ikifuliwa inarudi," aliniambia. "Huyu mama wa Othaya hatajua umemuongeza. Ataona tu sketi ya mtoto haijapanda juu ya magoti. Mwaka ujao utamwona tena hapa."

Halafu akaviangalia vidole vyangu, ambavyo ni vyembamba kama penseli. Akaweka vyake kando yavyo, vinene, kila kimoja kikitosha viwili vyangu.

"Kwa wateja tumia vyako," akasema. "Mimi nikinunua kiwandani napima na vyangu."

Nilikata kwa miaka mitano. Nilizijua shule zote kwa rangi ya sweta na idadi ya mistari shingoni. Mzazi akitaja shule tu, mkono wangu ulikuwa tayari kwenye rafu. Ndoto zangu nilikuwa nikiziotea hapo mezani, nikikata, kwa sababu mkasi ukishaanza kukimbia hauhitaji mtu wa kuusaidia kufikiri.

Kisha supavaiza wetu wa zamani akaamua kuhamia Murang'a kulea wajukuu. Bosi alitangaza wakati wa chai ya saa nne kwamba nafasi hiyo ataipa mtu wa ndani. Nililichambua neno hilo siku nzima. Hakuna aliyekuwa ndani kunishinda mimi. Nyuma yangu kulikuwa na choo tu.

Basi nikafanya jambo ambalo hadi leo ninalisimulia kwa sauti ya chini. Nilinunua kitambaa cha damu ya mzee. Nililipa pale kaunta kama mteja na nikapewa risiti. Saa ya chakula cha mchana nikajikatia dastikoti ya saizi yangu, yenye mifuko miwili na kola, nikaishona kwa ile cherehani ya mwisho inayoruka mishono. Vifungo nikampelekea Cucu. Cucu alikuwa mama mzee aliyekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, kazi yake vifungo na kupinda pindo. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa na umri wa nyanya ya kila mtu.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ya supavaiza, Cucu."

"Supavaiza gani?"

"Atakuja."

Alinitazama kwa juu ya miwani. Kisha niliona ametunga uzi mara mbili, jambo ambalo alikuwa akiwafanyia tu watoto wa darasa la kwanza, ambao hung'oa vifungo kwa meno.

Cheo chenyewe, nikisema kweli, sikukitaka sana. Nilitaka chumba. Nilikuwa nikiishi Majengo kwa dada yangu na mume wake, na kitanda changu kilikuwa kochi la sebuleni. Usingizi wangu uliamuliwa na taarifa ya habari, na baada ya taarifa ya habari uliamuliwa na wageni wa shemeji, watu wazuri wanaopenda kueleza jambo mara mbili. Nilikuwa nimeona chumba huko King'ong'o chenye dirisha linaloangalia mlima, siku ambazo mlima unataka kuangaliwa. Nilikwenda kukiona mara tatu. Mara ya tatu mama aliyesimamia ile ploti ya vyumba vya kupanga alinipa kiti.

"Nitakuwekea hadi mwisho wa mwezi, mrembo," akasema. "Lakini iko mwalimu pia anaitaka. Na huyo hata hakai chini, anaangalia bei tu."

Mshahara wangu haukufika bei hiyo. Wa supavaiza ulifika.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nikikata kitambaa cha sketi za kijivu Bosi alipoingia na mwanamke kutoka tawi letu la Nanyuki. Huko tulikuwa na duka dogo la kupunguza na kurekebisha suruali, na wateja wengi walikuwa wanajeshi wazungu. Bosi alisema madam huyu ndiye supavaiza wetu mpya, ana cheti cha usimamizi, na amewahi kumwambia mwanajeshi apange foleni na mwanajeshi akapanga. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, ingawa ilibidi kwanza niuachie mkasi. Siku hiyo kulikuwa na krrr isiyokuwa na tok.

"Wee kairitu," Bosi akaniita, yaani wewe msichana. "Mpime madam, umkatie dastikoti. Aivae leo."

Koti langu lilikuwa kwenye begi chini ya meza, limekunjwa, limepigwa pasi, tayari. Kwa dakika moja nilifikiria kulitoa na kumaliza habari. Lakini madam alikuwa mwanamke mwenye mwili wake, na koti lile lingemwingia mkono mmoja.

Nikampima. Alinyanyua mikono kama mtoto anayevuliwa sweta.

"Pole, dia," akasema. "Najua hata hamjamaliza chai na mimi nimeshaanza kuwasumbua."

Angekuwa na kiburi angenisaidia sana. Nilimkatia koti lake, na kabla ya kukata nikalaza vidole vinne, kwa mazoea tu. Kisha nikalipeleka kwa Cucu.

"Ulisema atakuja," Cucu akaniambia.

"Ndiyo, Cucu."

"Basi amekuja."

Wiki hiyo yote madam alikuwa akija mezani kwangu na daftari. "Dia, ile shule ya sweta ya kijani, mistari ni mbili ama tatu?" Namwambia miwili, yenye mitatu ni ya wale wasichana wa kule juu. Anaandika. Anashukuru. Alhamisi aliniletea ndizi. Nilikuwa namfundisha mtu kazi niliyoikosa, na nilikuwa nafurahi akipata jibu. Mimi ndivyo nilivyo. Moyo wangu ni mkate uliochovywa kwenye chai.

Ijumaa Cucu, ambaye nilikuwa nimemsimulia habari za chumba, aliniita kwenye kigoda chake. "Mwalimu ameshachukua ile nyumba?"

"Bado. Mwisho wa mwezi."

"Basi omba uongezwe. Cheo kimeenda, lakini pesa haina dastikoti."

"Niende ofisini kwa Bosi?"

"Ofisini akili yake iko kwa kalkuleta. Mwongeleshe akipima. Mtu akishika jora hawezi kutoroka."

Jora ni lile bunda zima la kitambaa linavyotoka kiwandani, na Bosi hakuamini kiwanda chochote. Kila jora lililoingia lilipimwa upya na watu wawili. Mmoja anavuta kitambaa juu ya rula iliyopigiliwa kwenye ukingo wa meza, mwingine anakunja, na wanahesabu mita kwa zamu, kwa sauti, ili asidanganyike mmoja. Jumatano yaliingia majora ya kijivu. Nilivuta, Bosi akakunja.

"Kumi na moja," akasema.

"Kumi na mbili. Bosi, niko na neno."

"Kumi na tatu. Sema."

"Kumi na nne. Naomba kuongezwa mshahara."

"Kumi na tano," akasema, kwa sauti ile ile.

"Kumi na sita."

"Kumi na saba. Ni juu ya ile kazi ya supavaiza?"

"Kumi na nane. Ni juu yake."

"Kumi na tisa. Sasa nikuulize. Nikikutoa kwa hii meza, nani atakata?"

"Ishirini. Sijui."

"Ishirini na moja. Hata mimi sijui, ndiyo maana sikukuweka. Kusimamia watu si ngumu, hata mimi nasimamia. Kukata nilikuwa naweza. Sasa mikono imekataa."

Nikaiangalia mikono yake. Miaka mitano nilikuwa nikiviona vile vidole vinene, na sikuwahi kuona kwamba vinatetemeka. Vilikuwa vikishika kitambaa kwa nguvu ili vitulie. Ilibaki kidogo tu nimwambie basi, Bosi, tuyaache, nikuletee chai. Kilichoniokoa ni yule mwalimu. Nilimwona amelala kwenye chumba changu, dirisha wazi, mlima umejitokeza wote, naye ameupa mgongo.

"Ishirini na mbili," nikasema. "Kama siwezi kutoka kwa meza, basi si ulipe meza."

"Ishirini na tatu."

"Ishirini na nne. Bosi, kila mtu anayeingia hapa namwekea vidole vinne. Watoto wa Othaya, wa Mweiga, wa Kiganjo. Hata madam nimemwekea. Mshahara yangu imefuliwa miaka tano, na hakuna mtu ameiwekea kitu."

Akaacha kukunja. Nyuma yetu cherehani zote tatu zilikuwa kimya, na hakuna aliyekuwa amekata umeme.

"Vidole vya nani?" Bosi akauliza.

"Nini?"

"Unataka vidole vinne. Vyako ama vyangu?"

Nikavitazama vyangu, nikavitazama vyake.

"Vyako, Bosi. Kama vya kiwandani."

Alikohoa kikohozi kirefu. Wanaomjua walisema baadaye kwamba ndivyo anavyocheka. Mimi sikujua. Nilidhani nimemuua.

"Tulikuwa wapi?" akasema.

"Ishirini na nne."

"Ilikuwa ishirini na sita."

"Ishirini na nne, Bosi."

"Rudisha yote. Tuanze upya."

Nikajua hilo ndilo jibu. Tulikunjua mita zote tulizokunja, akasema moja, nikasema mbili. Tulipima jora zima, namba kwa namba. Nilikuwa nimeshaanza kukiaga kile chumba, polepole, kuanzia mlango. Tulipomaliza alichukua chaki yangu kutoka nyuma ya sikio langu, pale ninapoiweka, akaandika kitu kwenye mbao ya meza.

Ulikuwa mshahara. Ulikuwa chini ya wa supavaiza na juu ya wangu. Nilijaribu kuingiza chumba humo ndani, kikaingia, kikabana kidogo mabegani.

"Inatosha?" akauliza.

"Inatosha, Bosi."

Akaufuta kwa mkono wa shati. "Isitoke hapa."

"Haitatoka," nikasema.

"Haitatoka," akasema Cucu kutoka kule dirishani.

Nilihama Jumapili baada ya kanisa. Shemeji alinisaidia kubeba godoro na akasema nyumba itakuwa baridi bila mimi. Hatujafika getini nikasikia sauti ya tivii ikipandishwa. Chumba kilikuwa na msumari mmoja ukutani, harufu ya rangi mpya, na dirisha. Kitu ambacho sikukiona zile mara tatu nilizokuja ni kwamba chini ya dirisha, kabla ya mlima, kulikuwa na kamba ya nguo ya ploti nzima. Nilikuwa bado natandaza godoro, na tayari akina mama watatu walikuwa wamenisalimia kupitia kioo, wakaniuliza kwetu ni wapi, na mmoja akasema sufuria zangu ni chache.

Pazia sikuwa nalo. Bei ya pazia sikuwa nimeiingiza kwenye hesabu.

Nikafungua begi, nikalitoa lile koti. Lilikuwa bado na mikunjo ya pasi. Nilikata mikono yote miwili kwa mkasi wangu mdogo, ambao hausemi kitu, nikafumua mabega na ubavuni, nikaipanua ile nguo, nikapitisha kamba penye kola. Mifuko nikaiacha, kwa sababu ukiondoa mfuko kitambaa hubaki na alama. Nikalitundika dirishani, sehemu ya mbele ikiwa katikati.

Kisha nikafunga vifungo vyote vitano, kutoka chini kwenda juu. Havikulegea hata kimoja. Chumba kikageuka rangi ya damu ya mzee, na mimi pia. Halafu nikafungua viwili vya juu nione kama mlima upo. Kulikuwa na mawingu tu, na shuka ya mtu. Nikaviacha wazi.