Moshi wa Asubuhi ya Mtihani

Shanelle Okemow alikuwa na roho ngumu kupita umri wake, lakini asubuhi hiyo ya Juni aliogopa. Mitihani ya mwisho ya sekondari ilikuwa inaanza, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuimaliza. Kaka yake, Darcy, alikaribia. Naibu mkuu wa shule, Bwana Voss, akamnusa mlangoni siku ya mtihani, akasema ananuka bangi, akamfukuza. Darcy hakurudi tena. Sasa anapasua kuni kutwa nzima.

Haikuwa bangi. Yalikuwa majani makavu ya porini ambayo bibi yao, Flora, huyachoma kikaangoni asubuhi yenye jambo zito, kisha huupepea moshi kwa unyoya wa tai mpaka umguse mtu kichwani na kifuani, kumtakasa. Kila mtu wa kijiji kile cha Wakrii, wenyeji wa asili waliokuwapo kabla ya wazungu, anaijua harufu hiyo. Voss, kwa miaka yote aliyowafundisha watoto wao, alishindwaje kuijua? Hakutaka tu.

"Njoo nikufukize, mjukuu wangu."

"Leo hapana, bibi. Yule mzee atanizuia kama Darcy."

"Utaendaje mtupu hivyo?"

"Niache hivi hivi, bibi. Tafadhali."

Bibi Flora akafunika kikaango bila kulalamika, na hilo ndilo lililomuuma Shanelle njia nzima.

"Fungueni madirisha, wa kijijini wameingia!" kijana mmoja alipiga kelele ukumbini, wenzake wakacheka. Voss alisimama mlangoni mwa chumba cha mtihani, akiwapitisha watoto wa mjini bila hata kuwatazama. Zamu ya Shanelle ilipofika, Voss akainamisha pua.

"Wewe. Unanuka."

"Nanuka nini, mwalimu? Nimeoga."

"Harufu yenu naijua. Lete begi."

Akalipekua polepole, kama mtu anayechambua mchele, huku ndani karatasi zikigawiwa. Hakukuta kitu. Shanelle aliingia wenzake wameshaanza, na muda ulipokwisha maswali mawili yalikuwa hayajaguswa. Kesho yake ilikuwa hesabu, na bila hesabu chuo cha uuguzi asahau.

Nyumbani, Darcy alipoona macho yake mekundu, aliweka shoka chini.

"Amekufukuza?"

"Bado."

"Atakufukuza tu. Usiende kesho, mdogo wangu."

Shanelle akampita, akaingia ndani. Hasira ilikuwa imempanda. Alikuwa amemvunja moyo bibi yake bure. Tatizo la Voss halikuwa moshi hata siku moja.

Alfajiri akakitoa kikaango mwenyewe.

"Nifukize, bibi. Mpaka ndani ya nywele."

Bibi Flora akachukua unyoya, akapepea. Darcy alimsindikiza dada yake hadi getini, akashindwa kuvuka.

Voss alikuwa ameshasimama mlangoni. Alinusa kabla Shanelle hajamfikia, uso ukamkauka, mkono ukashika kitasa. Mlango ukaanza kufungwa.

Shanelle akaweka mguu kizingitini.

"Leo ndiyo nanuka, mwalimu," alisema. "Nusa vizuri."