Kiti Kisichokaliwa

Mtaani walimwita Bi Pamba, naye hakulikataa jina, maana lilimfaa. Kazi yake ilikuwa magodoro. Aliyafumua, akaichambua pamba iliyoshikana mabonge, akaianika juani, akaipiga kwa fimbo mpaka ikatutumka, kisha akairudisha ndani na kushona upya kwa sindano ndefu iliyoogopwa na watoto wote wa uchochoroni. Kusoma hakujua zaidi ya jina lake. Lakini akifumua godoro na kuliona bonde lililoachwa na mwili, alijua mwenyewe analala kwa ubavu upi, na kama ndoa yake ina amani.

"Pamba haisahau mtu," alikuwa akisema. "Sponji lenu hilo ukiinuka tu limeshakukana."

Ukumbini kwake palikuwa na viti vinne vya mbao. Vitatu vilikaliwa. Cha nne, kile cha karibu na mlango, kilikuwa na mto wa kitambaa cha mistari, na hakuna aliyekikalia. Si kwamba palikuwa na amri. Kilikuwa cha kijana wake, mwana wake wa pekee. Siku moja kijana alimwambia mamake pamba imekufa, watu sasa wananunua sponji, yeye anataka kwenda mbali akatafute kazi ya maana. Kazi ya maana! Kazi iliyomlea hata akaota ndevu haikuwa ya maana. Bi Pamba akamjibu, "Basi toka. Na ukitoka usinirudie." Ulimi hauna mfupa. Alidhani njaa itamrudisha jioni.

Hakurudi. Wala salamu haikuja.

Aliacha mke. Mkamwana huyo alikuwa binti mbichi alipoletwa pale; sasa mvi mbili tatu zilikuwa zimeshachungulia juu ya masikio. Yeye na mama mkwe walipiga pamba uani wakielekeana, fimbo hii ikipanda ile ikishuka. Gari likisimama mwisho wa uchochoro, fimbo zote mbili zilinyamaza kwa pamoja. Mlango wa gari ukifungwa, na nyayo zikienda kwa watu wengine, zilianza tena kwa pamoja. Miaka yote hiyo, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake, "Tunamsikilizia."

Kwenye kona palikuwa na fundi saa, mjane, mtu mtaratibu aliyependa kupiga pasi mashati yake mwenyewe. Aliwahi kumtuma jirani, yule waliyemwita Mama Redio kwa sababu hazimwi, amwulizie huyo mkamwana.

"Mwambie mimi mke wa mtu," mkamwana alijibu.

Bi Pamba alisikia akiwa dirishani. Akafurahi. Halafu ile furaha ikamchoma, akaenda kutafuta godoro la kupiga.

Ndipo alipokuja yule binti wa chuo. Alikuwa na mkoba mkubwa, na kinasa sauti kidogo kama kipande cha sabuni. Haukupita muda mtaa ukamwita Maswali.

"Nasomea watu, bibi," alijieleza siku ya kwanza. "Wanavyoishi, wanavyogombana, wanavyowakumbuka waliotangulia."

"Watu wanasomewa? Kwani sisi tuna kurasa?"

"Mnazo, bibi. Nyingi."

"Na huko kwenu watu wamekwisha?"

Maswali alicheka sana, na kwa kicheko kile akapewa kiti. Alikuja tena na tena. Alishika fimbo akajipiga kidole. Alikohoa vumbi la pamba mpaka machozi. Bi Pamba akampenda, ingawa hakumwambia. Kumwambia mtu unampenda ni kumvimbisha kichwa.

Alasiri moja walikuwa ukumbini, na Mama Redio naye kaja kuazima chumvi, ile chumvi yake isiyokwisha kuazimwa. Maswali akauliza, "Bibi, mbona kile kiti cha mlangoni hakikaliwi?"

Mama Redio aliacha kutafuna. Kila mtu mtaani alijua kijana kaondoka, lakini lile neno la mwisho la mamake hakuna aliyelijua. Kusema mbele ya mdomo ule kwamba nilimfukuza mwanangu mwenyewe? Bi Pamba angeimeza kwanza ile sindano.

"Ni cha marehemu," alisema.

"Marehemu yupi?"

"Wa nyumba. Katika ukoo wetu, aliyetutoka huachiwa kiti chake. Ndiyo desturi."

Macho ya Maswali yakawaka. Akakisogeza kinasa sauti. "Na mnakifanyaje, bibi?"

Uongo ni kama pamba: ukishaingiza mkono wa kwanza, lazima ujaze. "Hatupiti mbele yake," alisema Bi Pamba, "tunapita nyuma. Na asubuhi tunautikisa mto, akija akute pametutumka."

"Kumbe!" alisema Mama Redio. "Hata kwa babu yangu ilikuwepo hiyo."

Haikuwepo kwa babu yake, wala kwa babu wa mtu yeyote. Kwenye mlango wa uani mkamwana alikuwa amesimama na pamba mikononi, nayo ikamponyoka yote sakafuni. Pamba haina kishindo ikianguka, ndiyo maana Bi Pamba hakugeuka.

Wageni walipoondoka, mkamwana alikuja akapiga magoti mbele yake.

"Mama. Umepata habari lini?"

"Habari gani?"

"Usinifiche. Umesema mwenyewe, kwa kinywa chako. Marehemu."

Hapo ndipo alipopaswa kusema: nilidanganya, mwanangu, nilimwonea haya Mama Redio. Maneno yalifika kooni. Lakini yule mwanamke alikuwa ameshaanza kulia, kilio kilichokuwa kimewekwa miaka kama maji ya mtungi, na Bi Pamba hakuona pa kupenyeza neno. Nitamwambia kesho, akajisemea.

Kesho yake mkamwana aliamka macho yamevimba na mabega mepesi. Walikaa uani, wakaanza kupiga. Gari likasimama mwisho wa uchochoro.

Fimbo moja tu ndiyo iliyonyamaza.

Bi Pamba akabaki na yake hewani, akimtazama mwenzake akipiga bila hata kuinua kichwa. Kesho ile hakumwambia. Wala iliyofuata.

Sasa, kwa kuwa alishasema, ilibidi atende, Maswali asije akaona desturi haina watu. Asubuhi aliutikisa mto, akaurudisha kitini umejaa kama shavu la mtoto. Adhuhuri akaukuta na bonde.

"Nani kakaa hapa?"

"Nani akae, mama, kiti cha marehemu?"

Akautikisa tena. Jua lilipoinama, bonde. Akaufumua, akauchambua, akatia pamba mpya ngumu isiyobonyea kwa paka wala kwa mtoto. Siku ya pili bonde lilikuwapo, nalo lilikuwa limelalia kushoto. Bi Pamba akaliinamia. Mwanawe alianguka kutoka kwenye dari angali mdogo, nyonga ikamharibika, tangu hapo alikaa kwa upande wa kushoto, na mamake hakuacha kumtania, "Kaa sawa, kwani kiti umekipanga nusu?"

Akaanza kukisikia. Akiwa jikoni, kiti kinalia, kile kilio cha mbao mtu anapojitupa baada ya kutembea sana. Akichungulia, hakuna mtu. Mlango umefungwa, na mto umebonyea.

Nje nako desturi ilikuwa imeota miguu. Mama Redio alimtengea kiti marehemu mamake, na akamgombeza mwuza mkaa kwa kupita mbele yake. Nyumba ya pili ikafuata, isionekane haina wazee. Mzee wa baraza la mtaa, ambaye hakuwahi kuisikia habari hiyo maishani mwake, alisimama akasema vijana wa siku hizi wameitupa mila. Bi Pamba alipita uchochoroni akaona, katika mlango baada ya mlango, viti vitupu vikimtazama. Akatembea katikati ya njia kama mwizi.

Siku moja Maswali alimbonyezea kinasa sauti. Mwanamke akasema humo ndani, *Ni cha marehemu.*

"Nani huyo?" aliuliza Bi Pamba.

"Ni wewe, bibi."

"Hebu rudia."

Maswali akarudia. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Ilikuwa sauti ile ile iliyosema, usinirudie.

Wiki ile mkamwana alimletea maji ya kunawa, akabaki ameinama na kopo mkononi. "Mama, fundi saa ameuliza tena. Nimemwambia nina mzazi, nitamwuliza. Ukisema hapana, ni hapana."

"Unampenda?"

"Ananichekesha."

Bi Pamba alinawa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Aliona njia mbili, na zote zina miiba. Akisema nilidanganya, huyu atarudi kusikiliza magari mpaka meno yamtoke, kwa kuwa ni mwaminifu, na mwaminifu ni mtumwa asiyehitaji kamba. Akinyamaza, atakuwa amemzika mwanawe kwa mdomo, bila maiti, bila kaburi. Na kama yu hai? Na kama siku moja atakuja, akute mke ni wa mwenzake, na kiti chake kinapitiwa nyuma?

"Niache nifikiri," alisema.

Maswali alikuja kuaga. Alikaa, akaweka kinasa sauti juu ya goti, akasitasita.

"Bibi, nimeuliza kwenye mitaa mingine, na kwa watu wa ukoo wenu. Desturi ya kiti hawaijui. Kama ulinitania niambie tu. Sitakasirika, na wala sitakuaibisha. Nitaifuta."

Ndiyo hiyo, nafasi yake, imeletwa mpaka mlangoni kama maji ya kunawa. Mkamwana alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani. Alikuwa amechana nywele. Nje, fundi saa katika shati lake la pasi alijifanya anaangalia kama mvua itanyesha, na mbingu haikuwa na wingu.

Bi Pamba aliutazama mto. Ulikuwa umebonyea, kushoto.

"Mimi si mtu wa kutaniana na watoto," alisema. "Kiti ni cha marehemu."

"Marehemu yupi, bibi? Nikumbushe."

Hapo sauti ilitetemeka. "Mwanangu. Niliyemzaa mimi. Ametutoka. Huyu mkewe amemaliza kumngoja, asiulizwe tena na mtu."

Mkamwana alikuja akalaza kichwa mapajani mwake. Bi Pamba akamgusa zile mvi mbili tatu. "Nenda, mwanangu. Na akikununulia godoro la sponji, nitakuja kulichana mwenyewe."

Wakacheka, wote watatu, na fundi saa huko nje akacheka bila kujua ni nini.

Mkamwana alipohamia kwa fundi saa, nyumba ikabaki na mtu mmoja na viti vinne. Bi Pamba aliuchukua mto, akaufumua, akaichambua pamba uzi kwa uzi, akaipiga, akashona, akaurudisha umejaa.

"Kama u hai," alikiambia kiti, "nikasirikie mimi, yeye mwache. Mimi ndiye niliyekuambia usirudi. Na kama umekufa, basi sikudanganya."

Akaenda jikoni kuosha mikono. Kiti kikalia.

Hakukimbilia. Alijifuta mikono taratibu, akarudi ukumbini, akaliona bonde, akaliacha lilivyo. Alitaka kwenda barazani kuanua pamba kabla jua halijazama, na njia fupi ilikuwa kupita mbele ya kiti, hatua mbili tu na uko nje.

Akapita nyuma.