Boliti Iliyokazwa kwa Kulegezwa

Jina la Mama Grisi halikuanza kama sifa. Wanawake wa mtaa walimbandika siku za mwanzo za ndoa yake, walipomwona anarudi kwa mumewe seremala jioni, kucha nyeusi, ovaroli imekakamaa kwa mafuta. Wakaangua kicheko: "Seremala kaoa gereji!" Yeye akacheka nao, kisha akauliza ni nani mwenye baiskeli inayopiga kelele nyumbani, ailete. Wakaleta. Kicheko kikaisha, jina likabaki.

Ufundi aliupatia kwenye kuosha vipuri. Alipomaliza shule ya msingi aliajiriwa gereji akae na karai la mafuta ya taa na brashi, asugue vyuma vya injini za watu, basi. Lakini macho walimwachia. Akawa anaona kipi kimetoka wapi, kipi kimelika upande gani na kwa nini, mpaka mafundi wenyewe wakaanza kumwuliza, kwanza kwa utani, baadaye kwa shida. Sasa ana kibanda chake mbele ya nyumba, spana zimetundikwa ukutani kwa ukubwa, na ole wake atakayezichanganya.

Pikipiki za mtaa mzima zilipita mikononi mwake, isipokuwa moja: ya mama mkwe wake. Bibi huyo ni mkunga, na pikipiki yake kuukuu imempeleka kwenye nyumba nyingi kuliko anazoweza kuzikumbuka. Lakini mkamwana asiiguse.

"Si kwamba sikuamini," Mkunga alimwambia zamani. "Fundi mwingine akiniharibia, nitamtukana nimalize. Wewe nitakutukanaje, na jioni tunakula meza moja?"

Mama Grisi akarudi kwenye spana zake. Neno hilo likamkaa kooni kama mwiba wa samaki miaka yote hiyo.

Sasa yule fundi mwingine akahama mji. Oili ya pikipiki ikawa nyeusi tititi, injini ikaanza kunguruma kama mtu mwenye pumu. Mkunga, badala ya kuvuka ua na kubisha kibandani, akamwita mwanawe. Mwanawe ni seremala, anajua mbao, na mikono yake ina nguvu za kubeba kabati peke yake. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Boliti ya kumwagia oili iko chini ya tumbo la injini, imetazama ardhi. Seremala hakulala chini. Aliinama juu ya pikipiki kama anachungulia kisima, akapitisha mkono kule chini, akazungusha spana upande uleule anaolegezea kila siku. Sasa, ukiitazama kwa juu boliti inayotazama chini, upande wa kulegeza ndio wa kukaza. Baba wa watu alikaza. Ikigoma, anaongeza nguvu. Akiongeza nguvu, inakaza zaidi. Spana ikateleza, akachukua plaizi. Plaizi nayo ikatafuna pembe zote sita mpaka kichwa cha boliti kikawa mviringo kama kifungo cha koti.

Mama Grisi alipotoka kibandani aliwakuta mama na mwana wameikodolea macho boliti.

"Imekataa," mumewe akasema.

"Haijakataa. Umeibembeleza ibaki."

"Usinianze, mke wangu."

Mkunga hakucheka. Injini ile ni ya aluminiamu, laini ukilinganisha na chuma cha boliti, na nyingine kama hiyo haipatikani tena madukani. Ikipasuka, pikipiki ndiyo basi. Na yeye, kwa umri wake, hataki kwenda kwa wajawazito wake akiwa amebebwa nyuma ya mtu.

"Haya," akasema bila kumtazama. "Fanya. Lakini ikipasuka..."

"Ikipasuka utanitukana, Mama. Meza nitahama mimi."

Kwanza alimwaga petroli ya tangi kwenye dumu, akalipeleka mbali. Akawasha injini ichome kile kidogo kilichobaki kwenye kabureta mpaka ikazimika yenyewe; ule moto ulitosha kuitanua aluminiamu kidogo. Akaondoa betri. Kisha akamwambia mumewe amsaidie kuilaza pikipiki ubavu juu ya godoro kuukuu.

"Unailaza kama mgonjwa?" Mkunga akauliza.

"Na wewe, Mama, unamzalisha mtu amesimama?"

"Nimewahi," Mkunga akajibu, na kwa mara ya kwanza siku ile mdomo wake ukalegea.

Sasa boliti ilimtazama Mama Grisi uso kwa uso, kushoto ni kushoto, kulia ni kulia. Akaweka kipande cha nondo katikati ya kichwa cha boliti, akakigonga kwa nyundo, si kwa hasira, ni ule ugongaji wa kumwamsha mtu aliyelala. Akapaka mafuta membamba pembeni, akangoja yapenye. Akachukua tupa, akakisugua kile kichwa pande mbili zinazoelekeana mpaka pakawa bapa, akakigongelea spana ndogo iliyobana barabara.

Wakati huo fundi bomba wa jirani alikuwa ameshafika, maana shida ya mtu haimpiti. Alikuja na kipande cha bomba kirefu kama yeye.

"Chomeka hili kwenye spana, shemeji. Nakuvutia mara moja tu."

"Shemeji, hilo litang'oa boliti, uzi wake na maini yake. Kaa pale."

"Nguvu ndiyo dawa."

"Nguvu imeshatumika. Muulize huyo uliyesimama naye."

Seremala akajikuna shingo.

Mama Grisi akaanza kugonga mkia wa spana. Mapigo madogo, makavu, tik, tik, sikio limeelekezwa kwenye chuma. Mkunga alikuwa amepiga magoti upande wa pili bila mtu kumwambia, mkono juu ya injini kama anavyouweka juu ya tumbo la mja mzito. Tik. Tik. Kisha sauti ikabadilika, ikawa nzito.

"Imesogea," Mkunga akanong'ona, kabla ya Mama Grisi mwenyewe.

Fundi bomba akapiga makofi. "Maliza!"

"Ikimalizikia hapa, oili yote inaingia godoroni. Nyanyueni."

Wakaisimamisha, wakatega karai, na Mama Grisi akaimalizia kwa vidole vitupu. Oili ikashuka nyeusi, nzito, ingali na joto. Akapitisha kidole ndani ya tundu, polepole, akazihesabu kwa ukucha zile nyuzi, mifereji inayoshika boliti. Zote zipo. Hakuna ufa, hakuna mkwaruzo.

Mkunga akamtazama mwanawe, akamtazama fundi bomba na bomba lake, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ukuta:

"Mmemwona mkamwana wangu?"

Boliti mpya ilipokaa na oili safi kuingia, Mkunga alipanda, akaiwasha kwa teke moja, akaondoka kwa kuzungukia barabara kubwa, ambayo si njia yake, anapiga honi kwa kila mtu.

Mama Grisi hakunawa. Alitoka vilevile, mikono myeusi mpaka viwikoni, akapita taratibu katikati ya mtaa kwenda dukani kununua sabuni. Nyumbani ilikuwepo tele.