Slaidi Ambayo Sikuisoma

Usiku ule nililala na daftari chini ya mto. Si kwamba nililipenda. Sikutaka mdogo wangu Zawadi alisome, maana kila nilichokuwa nimeandika humo kilikuwa uongo.

Daftari nilipewa na mshauri wa hospitali, binti mmoja mpole kupita kiasi, jina lake Rehema. Zawadi ndiye aliyenipeleka kwake, baada ya miezi minne ya kuniona nikishika kifundo cha mkono kuhesabu mapigo ya moyo, na kugeuza njia kila nikikaribia mlango wa maabara ya kituo cha afya ninakofanya kazi. Mganga mfawidhi alikuwa amenihamishia kwenye dirisha la kuandikisha wagonjwa, kwa muda tu, akasema, lakini sikukuu za mwisho wa mwaka zikipita bila mimi kurudi, hadubini yangu atapewa mtu mwingine. Miaka kumi na tisa nimeangalia damu za watu wa Njombe. Sijui kazi nyingine, wala siitaki.

Kwa Rehema nilikwenda nimejikunja kama mtu anayekwenda kupekuliwa. Nilidhani nitalazwa kitandani, nifumbe macho, niulizwe habari za utotoni. Kumbe ni viti viwili vya plastiki na meza. Akaniuliza ni mambo gani nimeacha kuyafanya, na siku nikipata nafuu nitajuaje. Akasema tutakutana kila Alhamisi, wiki kama kumi hivi, kisha tuangalie tumefika wapi. Hatanipa vidonge, hii ni tiba ya fikra na matendo, na sehemu kubwa nitaifanya mwenyewe nyumbani. Akaongeza kwamba mwanzoni huenda nikajisikia vibaya zaidi kabla ya kuona nafuu. Nilicheka moyoni. Muuzaji gani anakutangazia kwamba bidhaa yake itakuumiza kwanza? Mwisho akasema maneno yangu hayatatoka mle ndani, isipokuwa akiona uhai wa mtu uko hatarini. Ile "isipokuwa" ndiyo niliyoondoka nayo, maana nilikuwa na jambo moja lililohusu uhai wa mtu.

Jambo lenyewe ni hili. Mwalimu Mgaya ndiye aliyenifunza kazi ya maabara, tukakaa meza moja miaka yote hiyo. Asubuhi moja alisema kifua kinamchoma, ni yale maharage ya jana. Nikampa vidonge viwili vya kiungulia kutoka kwenye mkoba wangu. Kabla ya saa nne alikuwa ameinamia meza, na mimi ndiye niliyemkuta amekufa. Habari ya vidonge sikumwambia mtu. Rehema nilimwambia tu kwamba naogopa msongamano.

Daftari lilikuwa na safu nne. Kilichotokea, fikra iliyonijia, nilivyojisikia kwa kipimo cha mia, na mwisho ushahidi, ule unaoiunga mkono fikra na ule unaoipinga. Nilitakiwa kujaza kila siku. Nikajaza wiki nzima kwa mkupuo, nimekaa kitandani. Nilikuwa sokoni. Nilifikiri nitaanguka. Hofu sitini. Katikati nikabadilisha kalamu ili ionekane nimeandika siku mbalimbali, kisha nikazima taa.

Katika ndoto ni mchana, nami niko chumbani kwa Rehema, lakini kiti chake amekikalia Mwalimu Mgaya. Koti jeupe, kalamu mbili mfukoni, ya buluu na nyekundu. Nilijua amekufa. Nilitupa udongo kaburini kwake kwa mkono huu. Kwa hiyo sikukaa.

"Kamwene, binti," akasema.

Salamu ile ya kwetu sikuiitikia. Mama alitufundisha kwamba marehemu akikuita ndotoni usiitike, akikupa chakula usile, akikwambia twende usiinue mguu. Mezani kulikuwa na vikombe viwili vya chai ya maziwa, kimoja kimesogezwa upande wangu. Nikakitazama tu. Nilijiuliza amefikaje katika chumba asichowahi kukijua, na nani amemweleza kwamba nimo. Nikamshuku Rehema. Nikamshuku na yeye pia, kwamba huenda ni kitu kingine kimevaa sura yake.

Nikaamua kumpima. Nikamuuliza ile rangi tunayopaka damu ya kuangalia malaria inakaa dakika ngapi.

"Kumi," akasema. "Na wewe huwa unaosha kwenye ya nane."

Alikuwa yeye. Hilo la dakika ya nane hakuna mwingine aliyelijua. Nikasema kamwene, nikakaa, ila chai sikuigusa. Alitabasamu kidogo, akavuta kikombe changu, akakinywa yeye.

Anaponyoosha mkono tena, ameshika daftari langu. Na tuko maabara. Sikumbuki kufungua mlango, mlango ule ule ulionishinda miezi minne. Baridi inaingia dirishani, moyo wangu unakwenda mbio, vidole vinatafuta mshipa. Mwalimu haniambii nitulie. Anaweka ukurasa wa kwanza chini ya hadubini, anadondosha tone la mafuta kama tunavyofanya kwa damu, anainama. Anasoma, anasogeza, anasoma tena. Nimesimama kando yake nikisubiri, mikono nyuma.

Anainua kichwa. "Hii hujaisoma."

Katika kazi yetu hakuna maneno mazito kuliko hayo. Foleni ikiwa ndefu na mtu amechoka, kuna wanaoandika jibu bila kuiweka slaidi, kile kioo chenye damu, chini ya hadubini. Tunaita kupika majibu. Mwalimu alikuwa mtu wa utani, ungeweza kuvunja boksi zima la slaidi akakucheka tu, lakini aliyepika majibu alimtoa nje mbele ya wenzake. Mwaka wangu wa kwanza alinitoa mimi. Mama mmoja nilimwandikia hana vimelea vya malaria, na alikuwa navyo. Mwalimu aliirudia ile slaidi, akamkimbilia mama yule na kumkuta getini. Tangu siku hiyo sikupika tena jibu la mtu yeyote. Hadi wiki hii, na jibu lenyewe ni la kichwa changu.

Nikajitetea. Nikasema huyu binti simjui, anaandika andika, kesho ataniripoti, watu watasema mimi Tumaini nilimpa mwalimu wangu dawa. Neno lilikuwa limeshatoka.

Sasa ni asubuhi ile. Jua liko ukutani pale pale. Amekaa kwenye stuli yake, anajisugua kifua kwa kiganja, na vidonge viwili viko mkononi mwangu. Nataka kuvirudisha mkobani, mkono hautii. Anavichukua. Anavitafuna, uso umekunjamana.

"Mwalimu," nikasema, "ni mimi niliyekuua?"

Nilitaka aseme hapana. Nilitaka sana, na ndiyo maana nikaanza kumshuku upya. Ndoto ni yangu. Akisema hapana, si nitakuwa nimelipika jibu mwenyewe? Nadhani aliiona hiyo machoni mwangu. Akafunga kifuniko cha kalamu nyekundu.

"Jibu la kuambiwa haliandikwi," akasema. "Kaa usome. Mia moja, ndipo uandike."

Mia moja ilikuwa sheria yake. Huruhusiwi kuandika kwamba hukuona kimelea hadi uwe umetazama sehemu mia moja za slaidi, moja baada ya nyingine. Na hata hapo huandiki kwamba hakuna. Unaandika kwamba hukuona. Nilitaka kumuuliza macho yakichoka nifanyeje, na kama yule Rehema ni wa kuaminika, lakini alikuwa ameshasimama. Akavua koti, akalitundika kwenye msumari wangu, si wake. Hakuniambia nimfuate. Akatoka, akauacha mlango wazi.

Nikaamka. Kona ya daftari ilikuwa imenichoma shingoni, kumekucha, Zawadi anahangaika na moto jikoni. Nikashika kifundo cha mkono kwa mazoea, nikahesabu, nikasahau nimefika ngapi.

Nikatoa daftari. Kurasa za uongo sikuzichana. Kwetu maabara jibu lililokosewa hukatwa kwa mstari mmoja, libaki linasomeka, na pembeni unatia sahihi. Nikakata, nikatia sahihi, ukurasa hadi ukurasa. Kisha nikaanza upya. Safu ya kwanza, kwamba Mwalimu alisema kifua kinamchoma nikampa vidonge vya kiungulia. Ya pili, nilimuua. Ya tatu, mia. Kweli nilijisikia vibaya kuliko jana, kama yule binti alivyosema. Bado simwamini. Lakini Alhamisi nitampa asome.

Kwenye safu ya nne, upande wa kuunga mkono nikaandika kwamba mtu wa afya alipaswa kujua kwamba kifua kikichoma huenda ni moyo. Upande wa kupinga nikakaa sana, kalamu hewani. Kisha nikakumbuka kwamba aliyesema ni maharage alikuwa yeye, na kwamba yeye alikuwa katika kazi hii kabla sijajua hadubini ni nini. Nikaandika.

Zawadi aliingia na kikombe cha chai, akaniuliza naandika nini alfajiri yote hii.

"Nasoma," nikamwambia. "Nimefika moja."

Nikapokea chai, nikainywa.